Upondo Umetoka Nje, Brashi Tumetengeneza Nyumbani

Hotuba ya Ofisi ya Miradi kwenye mkutano wa kamati za miradi za sharika



Tumeombwa tueleze kwa nini katika bajeti ya kikundi cha vijana wasafisha vioo tumefuta mstari uliosomeka "brashi kutoka nje" na mahali pake tumeandika "plastiki, waya na fundi chonga." Wajumbe kadhaa wameuliza jambo hilo katika barua zao. Mmoja ametuandikia kwamba huenda tunabana matumizi mahali pasipostahili kubanwa. Ni swali la haki kabisa, nasi tutalijibu bila kuficha kitu, pamoja na yale tuliyokosea.

Kikundi hiki kilianza na ndoo, matambara na ngazi ya mbao. Kazi ilikuwepo na bado ipo, kwa sababu Mwanza inajengwa kwenda juu. Lakini anayeijua Mwanza anajua kwamba majengo yake yamekaa juu ya mawe na miteremko. Nyumba ukiitazama mbele ina ghorofa mbili, ukizunguka nyuma ina nne. Upande wa nyuma hakuna mahali pa kusimamisha ngazi, ni mwamba mtupu, tena unaoteleza ukimwagikiwa maji ya sabuni. Hapo ndipo kijana wetu mmoja alipoanguka. Mguu mmoja wa ngazi uliteleza juu ya jiwe, naye akavunjika paja. Alilala hospitali wiki nyingi, na mama yake alikuja ofisini kwetu akakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Baba zangu, mlisema ni mradi wa kumwinua kijana." Hatukuwa na jibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba mwajiri ana wajibu kwa usalama wa mfanyakazi wake, na sisi tulikuwa tukijificha nyuma ya neno "kikundi."

Baada ya hapo tulisimamisha kazi zote za juu. Tuliwaandikia marafiki zetu wa Ujerumani tukawaeleza kilichotokea, nao wakatutumia fimbo tatu za alumini zinazorefuka kwa kuvutwa, pamoja na vichwa sita vya brashi. Huko Ulaya kazi hii siku hizi hufanywa zaidi mtu akiwa amesimama chini. Kanuni za kazi za juu za Uingereza za mwaka 2005 zinataka kwanza kuepuka kupanda kabisa pale ambapo kazi inaweza kufanyika kutoka chini. Maji hupanda kwa mpira mwembamba hadi kwenye brashi, brashi inasugua, maji yanasuuza, basi. Vijana walipoiona ile fimbo wakaiita upondo, kama ule wa kusukumia mtumbwi, na jina hilo limebaki.

Tuliamini kwamba tatizo limekwisha. Siku ya kwanza ya kazi, upondo ulipanda vizuri hadi ghorofa ya pili, brashi ikagonga nondo.

Ndugu zangu, tunaomba mfikirie madirisha ya kwetu. Brashi ile ilikuwa na upana wa karibu sentimita 40, imetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa kioo ulio wazi. Dirisha la Mwanza lina nondo kwa nje, nafasi kati ya nondo na nondo mara nyingi haizidi upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Nyumba nyingine zina vioo vya luva, vile vipande vinavyolala kimoja juu ya kingine. Nyingine zina wavu wa mbu uliopigiliwa nje. Chombo kilikuwa kizuri sana, ila hakikuwahi kukutana na mwizi wala mbu.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilijitokeza tulipotafuta brashi nyembamba madukani mjini. Meno ya skrubu ya brashi za dukani hayakuingia kwenye ncha ya upondo. Tulidhani tumeuziwa kitu kibovu, kumbe sivyo. Duniani hakuna kipimo kimoja cha meno hayo. Marekani mpini wa fagio kwa kawaida una unene wa robo tatu ya inchi na meno matano kwa kila inchi, Ulaya wana meno yao, na mafagio ya plastiki yanayoingia kwetu yana ya kwao pia. Fundi mmoja wa Nyakato alitucheka kidogo akasema, "Hata nati za baiskeli hamjawahi kufunga?"

La tatu hatukulitegemea kabisa. Vichwa viwili kati ya sita vilikuwa na nywele za nguruwe. Kitaalamu ni nywele nzuri, zinashika maji na ni laini kwa kioo. Lakini katika kikundi chetu wamo vijana Waislamu, na mmoja wao alituuliza kwa adabu nywele hizo ni za nini. Tulimwambia ukweli. Akaweka upondo chini, akasema atabeba ndoo siku hiyo. Wenzake hawakumcheka, na jambo hilo linatupa faraja. Ila tuliona wazi kwamba hatuwezi kuendesha kikundi ambacho chombo chake kinamfanya mmoja wao abebe ndoo siku zote. Vichwa hivyo viwili tumeviweka kabatini. Waliovituma hawakukosea, sisi ndio hatukuwaambia tunafanya kazi na nani.

Vile vinne vilivyobaki vilikuwa vya nailoni. Vilichakaa kabla ya mwaka kwisha. Hapo ndipo hesabu ilipotuamsha. Upondo wa alumini ukitunzwa unaweza kudumu miaka mingi, lakini brashi ni kama soli ya kiatu. Msaada tuliopewa ulikuwa ni upondo, na kitu kinachoisha ni brashi. Kila brashi ilipoisha, vijana walisimama kungoja kifurushi, nacho kifurushi kilingoja bandari, ushuru na barua zetu. Kijana asiye na brashi hukumbuka ngazi. Tuliwakuta siku moja Kirumba wameazima ngazi kwa jirani, na aliyekuwa juu yake alikuwa rafiki wa yule aliyevunjika paja.

Ndiyo maana tuliamua kwamba brashi itengenezwe hapa hapa. Tukosee, turudie, lakini itengenezwe hapa.

Tulianza na ubao, kwa kuwa seremala yupo. Fundi alichonga kichwa kizuri cha mninga, tukakitoboa, tukakifunga. Kikiwa kikavu kilikuwa chepesi kiasi. Kilipolowa, vijana walishuka mikono baada ya madirisha matatu. Hapa tunaomba mtuvumilie kwa hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo siri ya kazi yote. Ukiulaza upondo wa mita 6 na ncha yake ina kilo 1, na mikono yako imeachana kwa sentimita 60, mkono wa nyuma unavuta uzito wa kilo 9, bado hujahesabu upondo wenyewe. Ukiusimamisha wima uzito unapungua sana, lakini hakuna anayeusimamisha wima asubuhi nzima. Kwa hiyo gramu 200 zinazopunguzwa kwenye ncha ni nafuu kubwa begani. Kumbe brashi ya kichwa kizito ni ngazi ya namna nyingine, nayo inaumiza, ila polepole.

Tuliacha ubao. Plastiki nzito nyeupe ya mbao za kukatia nyama, na ile ya mapipa ya bluu, hainywi maji na ni nyepesi kuliko maji yenyewe. Inakatika kwa msumeno wa kawaida na inatoboka kwa drili ndogo. Angalizo moja hapo: pipa liwe lilihifadhi chakula au sabuni, lisiwe la dawa za viwandani. Tunakata vipande vya sentimita 10 kwa upana, ambavyo vinapita kati ya nondo nyingi, na vingine vya sentimita 25 kwa vioo vya maduka visivyo na nondo. Kwa luva tumetengeneza kichwa chembamba chenye nywele pande mbili, juu na chini, kinachoingia kati ya kipande na kipande. Hicho hatukukiona katika orodha yoyote ya bidhaa tuliyotumiwa, na ndicho kinachoombwa zaidi na shule.

Nywele zilitusumbua kuliko kichwa. Tulijaribu mkonge, maana mashamba mengi ya Usukumani yana ua wa mkonge na kijana yeyote anaweza kuuchakata. Unasugua vizuri siku mbili tatu, halafu unalegea, unanywa maji na kuanza kuoza. Tulijaribu mshipi wa kuvulia samaki, tukidhani tumegundua kitu, kwa vile Mwanza mshipi haukosekani. Lakini mshipi umezoea kuviringishwa. Ukiukata vipande vidogo kila kimoja kinajikunja upande wake, na brashi inafanana na kichwa cha mtoto aliyeamka usingizini. Mwishowe tulinunua mafagio ya plastiki ya sokoni, tukang'oa nywele zake, tukazishona upya kwenye vichwa vyetu.

Kushona huko tulifundishwa na mzee mmoja anayetengeneza nyavu ufukweni, ambaye vijana wanamwita Babu. Unakunja fungu la nywele katikati, unapitisha waya usioshika kutu katika mkunjo, unalivuta fungu ndani ya tundu mpaka likwame, halafu waya unakwenda tundu la pili bila kukatwa. Babu aliangalia kazi ya kwanza ya vijana akasema, "Wajukuu zangu, hii ikikatika sehemu moja itafumuka yote." Akawaonyesha kufunga fundo kila baada ya matundu matano. Tangu hapo brashi ikipoteza fungu moja haipotezi mengine.

Nywele za fagio ni ngumu kwa kioo, kwa hiyo ncha zake lazima zichanwe. Kijana anakaa na wembe mkongwe na kitana cha chuma, anachana ncha mpaka kila unywele ugawanyike kama ncha ya mswaki uliotafunwa. Ni kazi ya kuchosha. Tulipotaka kuiacha, vumbi lenyewe lilitukumbusha sababu. Mawe yetu ya Mwanza ni ya graniti, na ndani ya graniti mna chembe za kwatzi ambazo ni ngumu kuliko kioo. Vumbi hilo likisuguliwa likiwa kavu, au kwa nywele ngumu, linaacha mikwaruzo isiyotoka. Tuliwahi kumlipa mwenye duka mmoja kioo chake. Sasa utaratibu ni mmoja: maji kwanza, ngoja, halafu brashi.

Kungoja huko kuna sababu nyingine ambayo watu wa ufukweni mnaijua. Wale wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kama moshi hufuata taa usiku na asubuhi wamebandika vioo vyote vinavyotazama ziwa. Ukiwasugua wakavu unapaka uji. Wakiloweshwa dakika chache wanaachia. Kwa kuwa huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo, vijana wamejifunza kupanga kazi za Capri Point kwa kutazama mwezi, nasi ofisini tunatazama kalenda.

Kuhusu maji tutasema kwa kifupi. Fimbo za Ulaya huja na mashine ya kusafisha maji yasiwe na chumvi, ili kioo kikauke bila madoa meupe. Hatukuinunua. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi nyingi, na ya mvua yana kidogo zaidi, hivyo sharika zenye matangi ya mvua zinatusaidia maji ya kusuuzia. Maji ya visima vya kuchimba tunayaepuka. Badala ya pampu ya umeme tunatumia bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya pamba. Kupandisha maji mita 10 kunahitaji msukumo wa baa 1 tu, na bomba hilo linaupata bila shida. Lakini bomba liwe jipya. Mjumbe mmoja alitujitolea la kwake la shambani, tukamshukuru na kulikataa, kwa sababu maji ya brashi humrudia mtu usoni, na hakuna anayejua sumu iliyobaki ndani yake.

Sasa shingo na ncha. Brashi ikifungwa moja kwa moja juu ya upondo hugusa kioo kwa ukingo tu, kwa kuwa upondo unatoka chini ukiwa umeinama. Lazima pawe na shingo iliyopinda ili nywele zote zilale kwenye kioo. Tunatumia kipande cha bomba la alumini kilichopindwa kwa mchanga ndani yake kisibonyee. Na lile tatizo la meno tulilimaliza kwa kuacha meno kabisa. Fundi chonga wa Nyakato alitutengenezea ncha ya umbo la koni kwa kila upondo, na kila shingo ina tundu la koni hiyo hiyo. Unasukuma, unapitisha boliti moja, umefunga. Kichwa chochote tutakachotengeneza, cha dirisha, cha luva, cha paneli za sola au cha kuondoa utando wa buibui kanisani, kitaingia kwenye upondo wowote.

Boliti hiyo si pambo. Kichwa kikichomoka mita 8 juu kinafika chini kwa mwendo wa kilomita 45 hivi kwa saa. Kilichomoka mara moja kabla hatujaweka boliti, kikapiga kikapu cha mama muuza ndizi. Mama yule alinusurika na ndizi zake tulizilipa. Sasa kila kichwa kina pia kamba ya nyavu iliyofungwa kwenye upondo, na hapo ndipo ule ujuzi wa uvuvi ulipopata kazi yake.

Bado tuna jambo moja zito, na kwa hilo tunaomba kamati zitusikilize kwa makini. Alumini inapitisha umeme. Tulidhani upondo wa mianzi ungetuokoa, lakini mwanzi uliolowa nao unapitisha, na hata fimbo za nyuzi za kioo zinazouzwa kama salama haziaminiki zikiwa na maji yanayotiririka. Hakuna upondo salama karibu na waya wa umeme. Mwaka jana kamati moja ilikubali kazi ya jengo ambalo nyaya zilipita mbele ya ghorofa ya kwanza. Pesa ilikuwa nzuri, na kamati ilikuwa na deni la mabati. Vijana walifika, wakatazama juu, wakakataa. Kamati iliwaita wavivu, na ofisi yetu, tunakiri, ilichelewa siku mbili kuwaunga mkono. Kisha tukaandika barua kwamba walifanya sawa na kwamba kazi kama hiyo haitafanyika mpaka TANESCO wamekuja wakakata umeme wa laini hiyo. Malipo yalipotea. Kijana aliyesema "hapana" wa kwanza ni yule aliyewahi kuanguka. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, na ndiye anayeshona brashi bora kuliko wote.

Kwa hiyo kwa kamati tunaomba haya. Kabla ya kupokea kazi, mmoja wenu aende na kijana wa kikundi wakatazame nyaya, mteremko na nondo, na neno la kijana kuhusu nyaya liwe la mwisho. Tunaomba pia pale penye mapipa matupu ya chakula msiyauze yote.

Kwa wafadhili wetu, ambao bila ninyi tusingekuwa na upondo hata mmoja, ombi letu litaonekana la ajabu. Msitutumie vichwa vya brashi tena. Tunachohitaji ni drili mbili nzuri, waya usioshika kutu ambao hapa ni ghali, na gharama za fundi chonga kwa pondo tatu zijazo. Kazi ya ghorofa ya nne na kwenda juu bado hatuiwezi. Brashi zetu ni nzito mno kwa urefu huo na hatutaki kudanganya mtu. Kazi hizo tunazikataa kwa sasa.

Kwenye meza ya nyuma kuna vichwa vitano. Tunawaomba mkitoka kunywa chai mvishike kimoja kimoja, kikavu na kilicholowa, mwone uzito wake. Kile cha mninga tumekiweka makusudi. Kilichofungwa kitambaa chekundu ni cha nywele za nguruwe, asiyependa asikiguse. Kijana aliyevishona amesimama pale mlangoni na anajibu maswali kuliko sisi.